Kimelea hakipewi jina kwa shahidi mmoja

Kwenye pwani ya kusini-magharibi mwa Finland, mahali panapoitwa Tvärminne, Bahari ya Baltiki imejaa visiwa vidogo vya miamba mitupu. Juu ya miamba hiyo kuna mamia ya madimbwi, mengi yake madogo kiasi cha mtu kuyavuka kwa hatua moja. Maji yake ni ya mvua, mara nyingine yamechanganyika na ya bahari yanayorushwa na mawimbi. Majira ya joto mengine hukauka kabisa. Majira ya baridi huganda. Humo wanaishi viroboto-maji, wanyama wadogo wa jamii ya kaa na kamba, ambao wanasayansi huwaita Daphnia. Spishi kubwa zaidi kati yao, Daphnia magna, hufikia urefu wa milimita 5 hivi. Chuo Kikuu cha Helsinki kina kituo cha zuolojia mahali hapo tangu mwaka 1902, na viroboto-maji wa madimbwi hayo wamekuwa wakifuatiliwa dimbwi kwa dimbwi tangu mwaka 1982.

Wengi wa Daphnia magna hao wanabeba kimelea ndani ya miili yao. Kwa miaka mingi watafiti walikiita Octosporea bayeri, jina ambalo Otto Jírovec alikuwa amelitoa mwaka 1936. Kwa jina hilo ziliandikwa tafiti za namna kimelea kinavyoenea, namna kinavyomdhoofisha mwenyeji wake na namna viwili hivyo vinavyobadilika pamoja kizazi hadi kizazi. Mwaka 2009 ukachapishwa mpangilio wa vinasaba vyake, herufi zipatazo milioni 24, na bado jina lilikuwa lile lile.

Miaka miwili baadaye Karen Haag, Ronny Larsson, Dominik Refardt na Dieter Ebert walichapisha uchunguzi uliobadilisha hesabu yote. Kimelea cha Tvärminne hakikuwa Octosporea bayeri. Kilikuwa spishi ambayo haijawahi kupewa jina, tena haikuwa na jenasi ya kuingia. Wakakiita Hamiltosporidium tvaerminnensis.

Mtu anaweza kuuliza: kimelea kilichosomwa muda wote huo, hata vinasaba vyake vikasomwa, kinawezaje kuwa hakijatambuliwa? Jibu la swali hilo linatufundisha kazi ya kutambua kimelea kipya ilivyo, na kwa nini inastahili heshima na fedha zaidi ya inavyopata.

Kiumbe kinachofyatuka

Kimelea hiki ni cha kundi la mikrosporidia. Ni viumbe vya seli moja, ndugu wa karibu wa kuvu, ambavyo haviwezi kukua wala kuongezeka nje ya seli ya kiumbe kingine. Vinapokuwa nje, kinachobaki ni spora: punje ambayo kwa kawaida ina urefu wa kati ya maikromita 1 na 10, yaani sehemu ndogo sana ya milimita. Ukuta wake umeimarishwa kwa kitini, kemikali ile ile inayopatikana kwenye gamba la kamba.

Ndani ya spora kuna mrija mwembamba uliozungushwa mzunguko juu ya mzunguko. Kiroboto-maji akimeza spora na mazingira ya utumbo yakaifaa, shinikizo la ndani hupanda na mrija hufyatuka kwa muda usiofika sekunde 2, ukigeuka ndani nje kama mkono wa kanzu inayovuliwa kwa haraka. Ncha yake ikiingia kwenye seli, yote yaliyomo ndani ya spora hupita kwenye mrija na kutua humo. Hapo kimelea huanza kugawanyika na kutumia nguvu zinazozalishwa na seli ya mwenyeji, kwa sababu chenyewe kimepoteza sehemu kubwa ya mitambo ya kuzalisha nguvu zake.

Kundi hili limewasumbua wanasayansi tangu mwanzo. Spishi ya kwanza kupewa jina, Nosema bombycis, ilitangazwa na Carl Nägeli mwaka 1857. Ndiyo iliyokuwa ikiangamiza viwavi wa hariri Ulaya, na Louis Pasteur aliitwa kuishughulikia kuanzia mwaka 1865. Nägeli aliihesabu pamoja na kuvu. Waliofuata wakaihamishia kwa protozoa. Katika miaka ya 1980 ilidaiwa kuwa mikrosporidia ni mabaki ya viumbe vya kale sana, vilivyokuwepo kabla seli hazijapata mitokondria, yaani mitambo hiyo ya kuzalisha nguvu. Ushahidi wa jeni katika miaka ya 1990 ukazirudisha karibu na kuvu, na mwaka 2002 ikathibitishwa kuwa zina mabaki madogo ya mitokondria, maana yake zilikuwa nazo zikazipoteza.

Kisha mwaka 2014 kiroboto-maji akatoa ushahidi mwingine. Ndani ya Daphnia magna kilipatikana kimelea kilichopewa jina Mitosporidium daphniae, ambacho bado kina DNA ya mitokondria. Kinaonyesha kundi hili lilivyokuwa kabla ya kupoteza kiungo hicho. Historia ya tawi zima la uhai ilipata ukurasa wake uliokosekana ndani ya mnyama asiyezidi urefu wa nusu sentimita hivi. Yeyote anayesema kwamba kuwachunguza wanyama hawa ni kupoteza wakati aupime ugunduzi huo kwanza.

Mashahidi wa Tvärminne

Kazi huanza kwa wavu wa kitambaa chembamba na macho makini. Mwili wa kiroboto-maji mwenye afya hupitisha mwanga. Moyo unaonekana ukipiga, na utumbo unaonekana umejaa mwani wa kijani. Aliyejaa spora huwa na weupe wa maziwa. Weupe huo unasema kwamba kuna ugonjwa, ila hausemi ni upi, kwa kuwa bakteria na kuvu wengine huweza kuleta dalili inayofanana nao.

Mnyama huyo hubanwa kati ya vioo viwili na kutazamwa kwa hadubini. Hapo umbo na ukubwa wa spora hupimwa. Tatizo ni kwamba spora za spishi zisizo na undugu wa karibu huweza kufanana kabisa, na spishi moja huweza kutengeneza spora za namna mbili. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kimelea cha Tvärminne. Nyingi ya spora zake zina umbo la peasi, urefu wa maikromita 4.9 hadi 5.6. Nyingine ni ndefu na nyembamba, maikromita 6.8 hadi 12. Anayezikuta kwa nyakati tofauti angeweza kuandika spishi mbili.

Kwa hiyo hadubini ya kawaida haitoshi. Kipande cha mwili hukaushwa kwa kemikali, huwekwa ndani ya gundi ngumu, kisha hukatwa vipande vyembamba mno kwa kisu cha almasi na kupelekwa kwenye hadubini ya elektroni. Hapo mchunguzi huhesabu mizunguko ya mrija ndani ya spora. Katika spora za umbo la peasi za Tvärminne ni 12 hadi 13. Hutazama kama viini vimekaa kimoja kimoja au viwili viwili. Hufuatilia namna kimelea kinavyogawanyika, na hapa kilionekana kikitoa chipukizi 8 za spora ndani ya utando mwembamba unaochanika kirahisi. Huyo ni shahidi wa kwanza, umbo. Wa pili ni tishu zilizoshikwa: mafuta ya mwili, ovari na tabaka lililo chini ya ngozi, basi.

Shahidi wa tatu ni jeni. Timu ya Haag ilisoma jeni ya ribosomu pamoja na jeni mbili za protini ziitwazo tubulini, kisha ikazilinganisha na za mikrosporidia wengine. Majibu yalikuwa mawili kwa mpigo. Kwanza, kimelea cha Tvärminne kilikuwa na ndugu wa damu aliyekwisha kuandikwa mwaka 1998 kwa jina Flabelliforma magnivora, naye pia mkazi wa Daphnia magna na wa tishu zile zile. Pili, ndugu hao wawili hawakuwa karibu na spishi iliyoanzisha jenasi ya Flabelliforma. Ikabidi ijengwe jenasi mpya na wote wawili wahamie humo.

Umbo lilionyesha tofauti na Octosporea bayeri. Tishu na mazingira vilionyesha kimelea kilichofungamana na madimbwi ya miamba ya pwani za Finland na Sweden. Jeni zilionyesha nasaba. Ni kukubaliana kwa hao wote kulikolifanya jina jipya lisimame.

Miaka 130 ya jina la kuazima

Kisa cha Tvärminne si cha pekee. Mwaka 1892 Henneguy na Thélohan waliandika nchini Ufaransa juu ya kimelea cha kamba wakubwa wa mtoni, wale wenye magando. Misuli ya mgonjwa hugeuka myeupe hata tumbo lote likaonekana kama kaure, naye hulegea mpaka akafa. Walikiita Thelohania contejeani, katika jenasi ambayo spishi yake ya msingi inaishi ndani ya uduvi wa baharini. Wakati huo walikuwa na hadubini ya mwanga peke yake, na mpangilio wa spora nane nane uliwaonyesha kwamba hao ni wa ukoo mmoja.

Jeni ziliposomwa, vimelea vya kamba wa mtoni vilijitenga mbali na ndugu zao wa kuazimwa wa baharini. Mwaka 2022 vilipewa jenasi yao wenyewe, Astathelohania, na katika kazi hiyo hiyo spishi nyingine mbili mpya zikaandikwa. Miaka 130 ilipita kati ya jina la kwanza na nasaba sahihi.

Lakini asije mtu akadhani kwamba jeni zimemaliza kazi, na kwamba hadubini sasa iwekwe makumbusho. Kiroboto-maji mmoja huweza kubeba vimelea viwili au vitatu kwa wakati mmoja. Mtafiti akisaga mnyama mzima na kusoma DNA, anaweza kupata jeni za kimelea kimoja huku picha zake zikionyesha kingine. Akiziunganisha, anakuwa ameandika kiumbe ambacho hakipo popote duniani. Ndiyo maana watafiti makini hutumia vipande vya DNA vilivyotiwa rangi ing'aayo, vinavyonasa pale tu jeni ile ilipo, ili ionekane kwa macho kwamba spora iliyopigwa picha ndiyo yenye jeni iliyosomwa.

Kitendawili cha mbu na kopepodi

Kuna shahidi wa nne, naye ndiye mgumu kumpata: maisha yenyewe ya kimelea. Kwa miongo mingi wataalamu wa mbu walijua mikrosporidia wa jenasi Amblyospora, wanaojaza viluwiluwi vya mbu spora na kuviua. Ajabu ilikuwa kwamba ukichukua spora hizo na kuwalisha viluwiluwi wengine, hakuna aliyeugua. Ugonjwa ulikuwepo, spora zilikuwepo kwa mamilioni, na njia ya kuambukiza haikuonekana.

Jibu lilitoka mwaka 1985 katika pembe mbili za dunia. Jimboni Connecticut, Marekani, Theodore Andreadis alichukua spora kutoka kwa mbu Aedes cantator akawalisha kopepodi, wanyama wadogo wa jamii ya kaa na kamba wanaoelea majini. Kopepodi wakaugua. Australia nako, A. W. Sweeney na wenzake walipata matokeo kama hayo kwa mbu Culex annulirostris na kopepodi wa huko. Ndani ya kopepodi kimelea hutengeneza spora za umbo tofauti kabisa, na hizo ndizo zinazoambukiza viluwiluwi vya mbu. Jike anayekua kutoka kwa kiluwiluwi hicho hukipitisha kimelea kwenye mayai yake, na ni watoto wake wanaokufa na kumwaga spora zinazorudi kwa kopepodi.

Tafakari maana yake kwa anayetoa majina. Mtu anayechunguza kopepodi peke yao angeandika spishi moja. Anayechunguza mbu peke yao angeandika nyingine, tena katika jenasi nyingine. Wote wangekuwa waangalifu, na wote wangekuwa wamekosea. Tangu hapo kila mikrosporidia anayepatikana ndani ya kopepodi anastahili kuulizwa: je, una nyumba ya pili?

Jina linafanya kazi gani

Mwaka 2009 watafiti nchini Thailand walikipa jina Enterocytozoon hepatopenaei kimelea cha kamba wanaofugwa kwenye mabwawa. Hakiui kwa kishindo. Kamba anaendelea kula huku akidumaa, na mfugaji anahesabu hasara siku ya kuvuna. Kilipokwisha kutambuliwa na jeni yake kusomwa, ikawezekana kutengeneza kipimo cha kukinasa kwenye kamba wazazi kabla mbegu haijapandikizwa bwawani. Kimelea hicho kilipenya nchi nyingi za Asia zinazofuga kamba, na nchi hizo zinapambana nacho kwa kipimo kilichotokana na jina. Jenasi hiyo hiyo ina Enterocytozoon bieneusi, kinachoharisha watu wenye kinga dhaifu, ambacho kilitambuliwa mwaka 1985 kwa mgonjwa mwenye Virusi vya Ukimwi.

Uingereza nako, mwaka 2012 walionekana wanyama wageni waitwao Dikerogammarus haemobaphes, amfipodi, nao wa jamii ya kaa na kamba, wenye asili ya mito inayoingia Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi. Mwaka 2015 Jamie Bojko na wenzake walitangaza kwamba wageni hao walikuja na kimelea, nao wakakiita Cucumispora ornata. Kuanzia siku hiyo swali la kama kimelea hicho kitawaingia amfipodi wenyeji wa mito ya Uingereza liliweza kuulizwa kwa kipimo badala ya kukisiwa.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalijua jambo la wageni majini. Kamba wekundu wa Marekani, Procambarus clarkii, waliingizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970, na sangara waliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950. Mjadala wetu kwa kawaida huishia kwa mnyama anayeonekana: amekula nini, amefukuza nani, anauzwa kiasi gani. Mnyama anayehamishwa huhama na waliomo ndani yake, na hao nao wana haki ya kuhesabiwa.

Kwa nini hili ni letu

Tuna sababu ya karibu zaidi ya kuipenda elimu hii. Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Jeremy Herren wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu chenye makao yake Nairobi, walitangaza kupatikana kwa mikrosporidia ndani ya mbu Anopheles arabiensis wa Kenya, wakiwemo wa kando ya Ziwa Victoria. Walikiita Microsporidia MB. Mbu wenye kimelea hicho hawakukutwa na vijidudu vya malaria, na majaribio ya maabara yalionyesha kuwa kinazuia malaria kuota ndani ya mbu. Kinapita kutoka kwa mama kwenda kwa watoto, na baadaye ikaonekana kwamba kinapita pia wakati wa kujamiiana, bila kumletea mbu madhara makubwa yanayoonekana.

Ugunduzi huo ulifanywa na watu waliotazama ndani ya mbu ambaye kila mtu alidhani anamjua. Ulitegemea elimu ile ile iliyojengwa kwa viroboto-maji, kopepodi na kamba wa mtoni: namna ya kuzitambua spora, kusoma jeni ya ribosomu na kuiweka mahali pake katika mti wa nasaba.

Maziwa yetu yamejaa wenyeji wa namna hiyo. Dagaa wa Ziwa Tanganyika, anayelisha Kigoma, Bujumbura, Uvira na Kalemie, anakula kopepodi. Katika Ziwa Victoria uduvi mdogo Caridina nilotica ni chakula kikubwa cha sangara wachanga. Anayetaka kujua afya ya dagaa na sangara lazima afike kwa wanaoliwa nao, na anayetaka kujua afya ya hao lazima afike ndani ya seli zao.

Wala si kazi inayosubiri jengo jipya. Taasisi za utafiti wa uvuvi, yaani TAFIRI kule Tanzania, KMFRI Kenya na NaFIRRI iliyoko Jinja, Uganda, zina vituo kwenye maziwa na watu wanaokwenda majini kwa kazi ya samaki. Kinachohitajika kwa kuanzia ni utaratibu mmoja. Kila anapopatikana uduvi, kaa au kopepodi mwenye weupe usio wa kawaida, agawanywe mafungu matatu. La kwanza lipakwe kwenye kioo na kupigwa picha siku hiyo hiyo, spora zikiwa bado mbichi. La pili litiwe dawa ya kuhifadhia kwa ajili ya hadubini ya elektroni, hata kama hadubini hiyo iko nchi nyingine. La tatu litumbukizwe kwenye spiriti safi kwa ajili ya DNA. Yote matatu yaandikwe namba moja, tarehe, mahali na jina la mnyama, na yatunzwe katika makumbusho ambayo mtafiti wa miaka 50 ijayo ataweza kubisha hodi.

Chupa ya spiriti na vioo vya maabara si gharama inayoishinda serikali yoyote ya ukanda huu. Mtu wa kuvitumia ndiye adimu: mwanafunzi anayelipwa kwa miaka kadhaa kukaa na hadubini, kuhesabu mizunguko ya mrija na kujifunza kutoridhika na shahidi mmoja. Vyuo vyetu vikuu vinawatoa vijana wa biolojia kila mwaka. Tuwape nafasi hiyo sasa, ili vimelea vya maziwa yetu viandikwe na watu wanaoyajua maziwa hayo, na ili ugonjwa utakapoingia kwenye mabwawa na nyavu zetu tuwe tayari na jina lake, jeni yake na kipimo chake.